Deni Usilolikopa

Hakuna tarishi anayepita vichochoro vya Mkomani na Langoni akitia kadi za mkopo chini ya milango ya watu. Mji wa Amu, yaani Lamu, una benki chache, na kadi yenyewe ya mkopo, ile ya kununulia leo na kulipia mwisho wa mwezi, iko mikononi mwa wachache. Hata hivyo, kudaiwa fedha ambazo hukuziomba si jambo geni visiwani. Deni la namna hiyo huingia kwa simu, kimyakimya, na mara nyingi mwenyewe hana habari mpaka siku atakapokuwa na shida ya fedha.

Tuseme ni mvuvi wa Kizingitini, kaskazini mwa kisiwa cha Pate. Anataka mkopo wa kununua mashine ya boti kabla kaskazi haijaanza. Anaondoka alfajiri, kwa hesabu ya maji, maana boti haipiti mkondo wa Mkanda maji yakiwa yametoka. Anafika benki mjini Amu na kukaa kwenye foleni, kitambulisho mkononi. Karani kijana anaandika namba, anaitazama skrini, anainua uso.

“Ami, jina lako liko CRB.”

“Mwanangu, mimi sijakopa kwa mtu.”

“Hapa imeandikwa shilingi elfu nne. Ni za miaka miwili sasa.”

Kampuni iliyoandikwa pale ni ya mikopo ya simu, na mzee hajapata kuisikia. Ombi lake linarudishwa. Jioni, akisubiri boti ya kurudi, kila anayemsimulia anampa ushauri uleule: lipa tu yaishe. Elfu nne ni kitu gani, ikiwa nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa itazimaliza hizo na nyingine juu yake?

Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na ndio unaowaumiza watu wengi. Kwa sheria za Kenya, anayelipa deni lisilo lake hajisafishi. Taarifa ya kwamba alishindwa kulipa kwa wakati huweza kubaki kwenye kumbukumbu kwa miaka mitano tangu siku alipomaliza kulipa. Akilikana deni na ikathibitika kwamba si lake, taarifa hiyo hufutwa. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni miaka mitano ya kutoaminika na benki, na tofauti hiyo hainunuliki kwa shilingi elfu nne.

CRB ni jina ambalo Wakenya wameyapa mashirika yanayokusanya taarifa za wakopaji. Yako matatu yenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Benki ikimkopesha mtu hupeleka habari zake huko, za kulipa na za kutolipa. Benki nyingine akiiendea kesho, huuliza huko kwanza. Kwa hiyo kuwa na jina CRB si aibu wala si adhabu, kwani hata mlipaji mwema ana jina humo. Kinachomzuia mtu ni alama ya kwamba alishindwa kulipa. Mashirika hayo hayakumkopesha, wala hayajui kama kweli alikopa. Yanaandika yaliyoletwa na mkopeshaji.

Jinsi mkopo unavyoweza kuandikwa kwa jina la mtu aliyelala kwake ni rahisi kueleweka ukitazama namna mikopo ya simu ilivyokua. M-Pesa ilianza Machi 2007. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ambapo mtu aliweza kukopa benki bila kuuona mlango wa benki, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. KCB M-Pesa ikafuata mwaka 2015, na Fuliza Januari 2019, huku kampuni za programu za simu kama Tala na Branch zikiwa zimekwisha kuenea. Kwa mkazi wa Faza au Ndau, ambaye kwenda benki ni safari ya bahari, hii ilikuwa nafuu kubwa na hakuna haja ya kuipuuza. Lakini mkopeshaji asiyekuona uso anakujua kwa vitu viwili tu: namba ya kitambulisho na laini ya simu. Mwenye kuvishika viwili hivyo anaweza kukopa kwa jina lako.

Na namba ya kitambulisho si siri. Kwa miaka mingi Wakenya wameiandika kwenye madaftari ya wakala wa M-Pesa, kwenye vitabu vya walinzi getini, kwenye orodha za mikutano na za misaada. Ukubwa wa tatizo ulionekana Juni 2021, pale Msajili wa Vyama vya Siasa alipowawezesha wananchi kuangalia uanachama wao kwenye tovuti ya eCitizen. Watu wengi waligundua kwamba wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Waliokuwa na majina yao na namba zao walizitumia bila kuwauliza. Kama chama kimeweza, na tapeli anaweza.

Laini nayo ina mikondo yake. Kuna kijana anayesajili laini kwa kutumia kitambulisho cha babu yake, kwa kuwa yeye bado hajapata cha kwake. Kuna wakala asiye mwaminifu anayemwambia mteja kwamba usajili umekataa, aweke kidole tena, na kumbe laini ya pili imesajiliwa. Kuna simu iliyoanguka baharini, laini ikaachwa, baadaye namba ikauzwa kwa mtu mwingine. Basi huyo mpya anapigiwa simu za madeni ya mwenzake. Na kuna jambo ambalo familia hazipendi kulisema: mkopaji wakati mwingine ni mtu wa nyumbani, anayeijua namba ya siri ya mamake kwa kuwa ndiye anayemsomea meseji.

Ndiyo maana hatua ya kwanza haina gharama wala safari. Piga *106# na utaonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo. Kisha fanya hivyohivyo kwa kila mtandao mwingine. Laini usiyoitambua, ikane kwa kampuni ya simu na uombe ifungwe. Wateja wa Safaricom wana kinga nyingine, *100*100#, inayozuia mtu kubadilishiwa laini na wakala wa mitaani bila yeye kujua.

Hatua ya pili ni kuipata ripoti yenyewe. Kanuni za CRB za 2020 zinampa kila mtu haki ya nakala moja bure kila mwaka. TransUnion hupatikana kwa meseji ya 21272 na Metropol kwa *433#. Ripoti isomwe kwa utulivu, na asiyeona vizuri asomewe na mtu anayemwamini. Ndani yake mna jina la mkopeshaji, kiasi, na tarehe. Tarehe ndiyo ya kushikilia. Wavuvi wa Kibajuni wanaopiga dago, yaani kambi ya uvuvi, hukaa mbali na kwao kwa muda mrefu, na mara nyingi hukaa mahali ambapo mtandao haushiki. Mtu anayeweza kuonyesha kwamba siku mkopo ulipochukuliwa alikuwa dagoni, na wenzake wakashuhudia, ana hoja ya maana mkononi.

Kisha iandikwe barua. Hapa ndipo wengi wanapolegea, kwa sababu tumezoea kumaliza mambo kwa mdomo. Mtu hupiga simu, huambiwa “tutalishughulikia”, hungoja, na baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka. Barua pepe au barua ya mkono iliyogongwa muhuri wa kupokelewa haisahauliki hivyo. Isiwe ndefu, wala isiwe ya kuomba huruma. Inatosha kusema: “Mimi mwenye kitambulisho hiki sikuomba mkopo huu, sikuupokea wala sikuutumia. Nataka mnionyeshe namba ya simu iliyouomba, siku na saa ulipoombwa, laini au akaunti iliyopokea fedha, na ushahidi kwamba laini hiyo ni yangu.” Nakala moja iende kwa mkopeshaji, nyingine kwa CRB, ya tatu ibaki nyumbani. Iambatanishwe na nakala ya kitambulisho pamoja na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kutoka kituo cha polisi, kwa kuwa kutumia kitambulisho cha mwingine kukopa ni jinai, si kosa la hesabu.

Maneno yale ya “mnionyeshe” ndiyo kiini cha barua nzima. Anayedaiwa hana wajibu wa kuthibitisha kwamba hakukopa. Hakuna binadamu awezaye kuonyesha karatasi ya jambo ambalo hakulifanya. Anayedai ndiye wa kuleta ushahidi. Kanuni hiyo imo katika mahakama za Kenya, na imo katika fiqhi, na wazee wa Lamu wanaijua tangu madrasa. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, liwe na muda, liwe na mashahidi. Mkopeshaji anayetuma fedha usiku wa manane kwa laini asiyoihakikisha, kisha akamwandama mwenye kitambulisho, ameukimbia wajibu huo.

Sheria inalipa neno hilo nguvu. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. CRB ikipokea pingamizi la maandishi lazima iweke alama kwamba taarifa hiyo inabishaniwa, iifuatilie kwa mkopeshaji kwa muda uliowekwa, na iifute kama haikuthibitishwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inamruhusu mtu kudai aonyeshwe taarifa zake alizonazo mkopeshaji, na kanuni zake zinampa mkopeshaji siku saba kujibu. Asipojibu, malalamiko huenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo hupokea kupitia tovuti, na inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Hilo ni muhimu kwa mtu wa Kiwayu kuliko kwa mtu wa Nairobi: malalamiko yanasafiri, yeye haondoki.

Ofisi hiyo si jina tupu. Aprili 2023 iliitoza Whitepath, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya shilingi milioni 5. Septemba mwaka huohuo ikaitoza Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000, baada ya watu kulalamika kwamba majina na namba zao zilipatikana kwa wengine, wakapigiwa simu na kutishwa kwa ajili ya mikopo. Baadhi ya waliosumbuliwa namna hiyo nchini hawakuwa wamekopa hata senti. Walikuwa tu kwenye orodha ya simu ya aliyekopa.

Kabla ya hapo ilikuwa holela. Mpaka Aprili 2020 hata kampuni zisizosimamiwa na yeyote zilikuwa zikipeleka majina CRB, wakati mwingine kwa deni la shilingi mia mbili. Mwezi huo Benki Kuu ilizizuia, na ikaamuru kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisimchafulie mtu jina. Desemba 2021 Bunge likaiongezea mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali, na kanuni za Machi 2022 zikakataza vitisho, matusi, na kuwapigia simu jamaa za mdaiwa. Mkopeshaji anayetaka kukuandika leo aulizwe kwanza: leseni yako iko wapi? Orodha ya wenye leseni imo kwenye tovuti ya Benki Kuu, na asiye humo hana haki ya kumwandika mtu.

Kadi zenyewe za mkopo nazo zina historia, na inafaa Wakenya waijue kwa sababu hata sheria yetu inazigusa kadi zisizoombwa. Septemba 1958 Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California. Hawakuziomba. Walifungua barua wakakuta kadi ziko tayari kutumika, zina ruhusa ya mamia ya dola. Biashara hiyo ikapendwa na benki nyingine, na kwa zaidi ya miaka kumi mamilioni ya kadi yakamwagwa kwa posta Marekani nzima. Nyingine ziliibwa kabla hazijafika, na watu wakapelekewa madai ya vitu walivyonunua wezi kwa kadi ambazo hawakuwahi kuziona. Bunge la Marekani lilipiga marufuku kutuma kadi zisizoombwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likaweka utaratibu wa kupinga madai kwa maandishi ndani ya siku 60. Kadi ile ya Fresno ndiyo iliyogeuka kuwa Visa mwaka 1976, na alama yake imo leo kwenye kadi nyingi zinazotolewa Kenya.

Marufuku haikumaliza tamaa. Septemba 2016 benki ya Wells Fargo ilitozwa dola milioni 185 baada ya kubainika kwamba wafanyakazi wake, wakishindana kufikia malengo ya mauzo, walifungua akaunti kama milioni mbili ambazo wateja hawakuziidhinisha, zikiwemo kadi za mkopo zaidi ya laki tano. Waathirika hawakuwa wajinga. Walikuwa wateja wa kawaida walioiamini benki yao na hawakuwa na mazoea ya kusoma taarifa za akaunti.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Kwa sheria hiyo, aliyeletewa kadi ya mkopo bila kuiomba hahesabiwi kuwa ameingia mkataba mpaka siku atakapoitumia kwa mara ya kwanza. Basi mtu akikabidhiwa kadi ambayo hakuiomba, pengine ndani ya bahasha pamoja na kadi yake mpya ya kutolea fedha, asiijaribu kwa kununulia chochote, hata soda, na asiiamilishe. Aikate, airudishe, na aandike kwamba hakuiomba. Ikiwa tayari ada imekatwa, apinge kwa benki mara tu anapoiona kwenye taarifa ya akaunti, kwani mitandao ya kadi ina muda wake wa kurudisha fedha, na ukipita benki husema haiwezi tena.

Kuna mtego mwingine ambao wanaopiga simu za madeni wanaujua vizuri. Kwa Sheria ya Muda wa Mashtaka, deni la mkataba lisilofuatiliwa kwa miaka sita haliwezi tena kudaiwa mahakamani. Lakini mdaiwa akilipa sehemu, au akilikubali kwa maandishi, hesabu ya miaka huanza upya. Ndipo mpigaji simu anaposema kwa upole: “Mama, tuma hata mia mbili kuonyesha nia njema.” Mia mbili hiyo itakuja kutajwa kama ushahidi kwamba mama alilikubali deni. Jibu lake ni moja tu: nitumie ushahidi kwa maandishi, na simu ikatwe.

Kwa watu wa Lamu jambo hili lina uzito ambao afisa wa mikopo wa Nairobi huenda asiujue. Mtu akifa visiwani, mmoja wa jamaa husimama mbele ya waliohudhuria na kutangaza kwamba mwenye kumdai marehemu awaendee warithi. Deni hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, na watoto huona vibaya mzazi wao alale na haki ya mtu. Kampuni ya simu haihudhurii mazishi. Meseji zake huja baadaye, kwenye simu ya marehemu iliyobaki mezani, zikiwa na riba juu yake, na warithi kwa hofu ya Mungu huzilipa bila kuuliza. Wana haki ya kuuliza. Riba ni jambo ambalo wengi wa marehemu hao wasingelikubali wakiwa hai na macho, na deni lisilo na ushahidi si haki ya mtu. Panapokuwa na shauri la mirathi, mahakama ya kadhi itataka ushahidi wa deni kama mahakama nyingine yoyote. Ugomvi wa mkopo wa mtu aliye hai, kwa upande mwingine, si wa kadhi. Ibara ya 170 ya Katiba imempa ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi.

Lililobaki ni la wenye mamlaka. Kanuni zinamtaka mkopeshaji ampe mtu taarifa ya siku 30 kabla ya kumpeleka CRB. Taarifa hiyo kwa kawaida ni meseji, tena ya Kiingereza, inayotumwa kwenye laini ileile iliyochukua mkopo. Ikiwa laini ni ya tapeli, ndiye anayepata onyo. Hilo ni kosa la wazi na linarekebishika: taarifa iende kwenye kila laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho kile, iwe kwa Kiswahili, na mkopeshaji aonyeshe kwamba ilifika. Benki Kuu inaweza kuliamuru bila sheria mpya. Wawakilishi wa Lamu, ambao wapiga kura wao wanaishi mahali ambapo mtandao hukatika kwa siku nzima, wana kila sababu ya kulidai.

Kwa anayefanikiwa kufutiwa deni, safari ina hatua moja ya mwisho. Mkopeshaji huyohuyo huwa amepeleka taarifa kwa mashirika yote matatu, na kusahihishwa na moja hakumaanishi kwamba mengine yamefuata. Achukue ripoti mpya kutoka kila moja kabla hajapanda boti kurudi benki, kwa kuwa karani huenda akatazama shirika moja tu, na likawa ndilo ambalo bado lina zile elfu nne.